Kampani ikitaka kuja kupanda miti shuleni kwenu, anzieni kwa maji

Hii nawaandikia walimu wenzangu mapatroni wa klabu za mazingira na wazazi walio kwa BOM (bodi ya shule) huku Mombasa, manake kila mwaka ikikaribia tarehe 5 Juni, siku ya mazingira duniani, simu huanza kulia, kampani fulani yataka kuja kupanda miti shuleni kwenu, wana miche 200, wana tishati, wana tenti na spika na soda, nyinyi kazi yenu ni kutoa uwanja na watoto. Na wewe kwa furaha wasema ndio hata hujauliza kitu. Mimi pia nilisema ndio.

Kampani yenyewe sitaitaja. Walikuja mwisho wa Oktoba, wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, vuli ilikuwa ishaanza kunyesha nyesha, wakapanda miche 200 kwa saa moja na nusu, picha zikapigwa, wakaenda zao. Shule ikafungwa. Desemba mvua ikakata, kaskazi ikaanza kuvuma, Januari twarudi uwanja umekauka kama sinia. Nilizunguka na watoto wa gredi 5 tukihesabu, iliyokuwa hai ni 23, na 9 kati ya hiyo ilikuwa imejipanga pale kwa mfereji (bomba la maji) unaovuja, ule mfereji ambao kila mkutano twaandika kwa ripoti ya matengenezo na hautengenezwi. Yaani mfereji mbovu ulifanya kazi kuliko sisi wote pamoja na kampani.

Kwa hivo kabla ya kitu chochote piga hesabu ya maji. Mche mdogo kwa jua la Januari wataka kama lita 10 mara mbili kwa wiki. Miche 200 hiyo ni lita 4,000 kwa wiki, ambayo ni mitungi 200 ya lita 20. Sasa niambie ni nani atabeba mitungi 200 kila wiki kutoka katikati ya Desemba mpaka mwisho wa Machi, na maji yenyewe ya mfereji wajua vile hukatwa, na hamali wa mkokoteni maji yakiadimika bei yake haishikiki. Miche 40 ni mitungi 40 kwa wiki. Hiyo angalau mtu aweza kuipanga. Ndo maana siku hizi kampani ikisema 200 mimi nasema 40, na wakishangaa nawaonyesha hesabu kwa karatasi.

Alafu kuna maji ya kisima. Shule nyingi huku zina kisima na maji yake ni chumvi, watoto wanawia mikono sawa lakini miembe midogo huionea uchungu, majani huanza kuungua kwa ncha, rangi ya kahawia yapanda kuelekea katikati. Ukiona hivo usiongeze maji yale yale. Sisi aliyetuambia ni mzee mmoja wa mkokoteni, alisimama akatazama akasema, "Mwalimu, hii miti mwainywesha chumvi, si njaa wala si mdudu." Tulikuwa tushanunua dawa.

Sasa mkutano wa kwanza na kampani. Usiende peke yako, enda na mwalimu mkuu na mtu mmoja wa BOM, na muende na mambo yenu yameandikwa. Wao huja na bajeti ambayo ishagawanywa, na ukiangalia vizuri pesa nyingi imeenda kwa tishati, tenti, mabango na chakula cha wageni, miche yenyewe ni kitu kidogo. Waombeni wageuze. Sisi mara ya pili tuliomba hivi: tangi la maji la lita 5,000 pamoja na gata za kukusanya maji ya mvua kwa paa la darasa moja, posho ya mtu mmoja wa kumwagilia wakati wa likizo zote kwa miaka miwili, uzio, na miche 40 tu. Dada wa CSR, yaani upande wa kampani unaosaidia jamii, aliyekuja alikuwa mwelewa lakini akaniambia wazi, "Mwalimu, bosi wangu anataka picha." Nikamwambia picha mtapata dada yangu, hata mbili, ya kwanza siku ya kupanda na ya pili njooni mupige Februari, hapo ndo mtakuwa na kitu cha kumuonyesha bosi. Akacheka, lakini aliiandika.

Hiyo ziara ya Februari ndo msingi wa kila kitu. Wekeni kwa barua ya makubaliano, isainiwe na pande zote, kwamba kampani itarudi Februari kuhesabu miti pamoja na watoto, na ile nusu ya pili ya posho na vifaa itoke baada ya kuhesabu. Msione haya kuandikiana. Mtu akijua atarudi kuhesabiwa mbele ya watoto wa gredi 4 hata yeye hujali maji, hata askari wa shule hujali, hata wewe patroni hulali.

Na kampani isije ikawaambia miaka miwili ni mingi. Waulizeni kama washawahi kufika Haller Park pale Bamburi. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha simiti, shimo jeupe tupu hata nyasi hakuna, na mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyekuwa akifanyia kazi kiwanda hicho, akaanza kujaribu miti. Aina nyingi zilikataa, mvinje ukakubali. Lakini hata mvinje ukimwaga majani yake chini yalikuwa hayaozi, yakakaa tu kama mswaki, mpaka walipoletwa jongoo, wale wekundu miguu tunaowaona mvua ikinyesha, wakala yale majani wakayageuza kuwa udongo. Jongoo! Na hapo hakuna tishati, ni kazi ya watu ya kuchunga mwaka baada ya mwaka. Ukipata pesa ya basi peleka klabu wakaone, mtoto akishamuona twiga amesimama mahali palipokuwa shimo hutumii nguvu kumueleza tena. Na hiyo basi pia waweza kuiomba kwa kampani badala ya tenti.

Kuna jambo moja watu hawapendi kulisema kwa hizi shughuli nami nitalisema. Kama shule yenu iko Changamwe, Mikindani, Miritini, Jomvu, Shimanzi, kwa ujumla karibu na viwanda, ulizeni kwanza ule udongo una nini. Owino Uhuru pale Mikindani si mbali na si zamani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga madini ya risasi mtaani, watoto wakaugua, Phyllis Omido akapigania kesi ile mpaka akapewa tuzo ya Goldman 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Sasa wewe wataka watoto 40 wachimbe udongo kwa mikono yao, na pengine upande wa pili wa ukuta kuna mtu avunja betri au achoma takataka. Ombeni kampani ilipe udongo upimwe madini mazito kabla ya jembe kugusa chini, na wakati mwangoja majibu msipande mboga wala kitu cha kuliwa, na watoto wanawe na sabuni kila wakitoka uwanjani.

Na ikiwa hiyo kampani yenyewe ndo jirani anayewatolea moshi au maji machafu, miti pokeeni, hakuna ubaya, lakini malalamiko yenu kwa NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, yaendelee kivyake. Msisaini barua yoyote inayosema shule imeridhika na mazingira ya kiwanda. Miche 40 si malipo ya moshi.

Haya, mahali pa kupanda. Kaa na mwalimu mkuu na ramani ya shule, kama hakuna ramani chorea kwa karatasi, muulize madarasa mapya yatajengwa wapi. Hili liliuma shule nyingi JSS (sekondari ya chini) zilipoletwa kwa shule za msingi, madarasa yakahitajika haraka na kilichokatwa kwanza ni miti iliyokuwa imeanza kutoa kivuli. Alafu tafuta paipu za maji zapita wapi, shimo la choo liko wapi, nyaya za stima ziko juu ya nini. Mti mkubwa uweke mbali na ukuta kama hatua sita saba za mtu mzima. Mnazi usiuweke juu ya njia ya watoto wala karibu na paredi, dafu likianguka haliulizi.

Aina ya miti ndo watu hugombana sana. Mimi nafikiria kwanza kivuli alafu tunda. Mkungu hukua haraka, matawi yake yatanda kama mwavuli na hustahimili chumvi, na watoto kungu wanazipenda, lakini humwaga majani mengi kwa hivo mtu wa kufagia atakulaumu, muwekee shimo la mbolea karibu yale majani yaende huko. Mwarobaini hata ukiusahau utaishi, chumvi, jua, mawe, haujali, lakini usijaze uwanja mzima na mwarobaini kwa uvivu, ndege hula zile mbegu wakaziangusha kila mahali na misitu yetu ya Pwani ishajaa. Mkwaju wachelewa ila ukisimama umesimama. Kwa shule za ufuoni mvinje kwa upande wa bahari huzuia upepo na mchanga. Mzambarau, mstafeli, mpera, hiyo ni ya tunda. Mwembe nunua uliobebeshwa, hiyo huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, ule wa kokwa utangoja mpaka gredi 4 wako wamalize sekondari. Aina watu wa hapa waijua, ngowe, apple, boribo, ukitaka ushauri wa maembe na minazi watu wa KALRO (shirika la utafiti wa kilimo) pale Mtwapa ndo kazi yao.

Na miembe iwe mbali na madirisha. Wajua kwa nini. Embe likifika ukubwa wa yai watoto hawangoji liive, wana chumvi na pilipili kwa karatasi mfukoni, na chombo cha kuangulia ni jiwe.

Miche nanunua mwenyewe na watoto wawili watatu wa klabu kwa nasari za kando ya barabara, simuachii kampani, manake kampani hupenda mche mrefu unaoonekana kwa picha. Mrefu ndo mbaya. Uliokaa sana kwa karatasi yake ya plastiki mizizi yake ishajizungusha kama kamba, ukiupanda utasimama mwaka mmoja ukikutazama tu. Chukua wa futi moja au moja na nusu, shina nene, na umuulize mwenye nasari kama ulikuwa juani au kivulini, wa kivulini uuache wiki mbili shuleni mahali penye jua la asubuhi ndo uzoee.

Mashimo chimbeni wiki mbili mbele. Hapa ndo kwenye kazi hasa na siku ya wageni haiwezekani. Kisiwani ukichimba futi moja ushagonga mwamba wa matumbawe, jembe larudi na cheche, bila mtaimbo na sururu hutoki, ombeni kampani ilete vijana wawili wa kazi siku hiyo, hii si kazi ya watoto. Kisauni na Likoni kwingi ni mchanga, kuchimba rahisi lakini maji yapita kama kwa chujio. Huku kwetu bara ya Changamwe kuna udongo mzito, mvua ikinyesha shimo lajaa likakaa. Kwa hivo shimo la futi mbili kwa mbili kwenda chini futi mbili, udongo wa juu uweke upande mmoja, wa chini upande mwingine, alafu mwaga ndoo ya maji uangalie, ikiwa kesho yake bado yako, tafuta mahali pengine au inua tuta. Ule udongo wa juu ndo uuchanganye na samadi iliyooza, karai moja ya samadi kwa karai mbili za udongo, uurudishe. Samadi mbichi yachoma mizizi, ukiinusa na bado yakupiga pua iache ioze.

Wakati wa kupanda kwetu ni masika, Aprili mwisho mpaka Mei, watoto wakirudi kwa muhula wa pili. Hapo mche wapata mvua za Mei na manyunyu ya Juni Julai na mizizi yake iwe imeshuka kabla kaskazi haijafika. Juni tarehe 5 ni siku ya mazingira duniani, sawa, lakini mawingu hayasomi kalenda, na wakiniambia lazima iwe tarehe hiyo nawaambia tupande Mei na Juni waje kuweka majani na uzio. Vuli ni ya wenye maji ya uhakika tu. Mwakumbuka ile likizo ya serikali ya kupanda miti, Novemba 13, 2023? Mvua za El Niño zilikuwa zamwagika, kila mtu alipanda, lakini shule zilikuwa zishafungwa, nani alibaki na miche Januari?

Siku yenyewe fanyeni mapema, saa moja na nusu asubuhi, ikifika saa nne mumalize, hotuba ziwe mwisho na chini ya kivuli. Mtoto ndo apande, mgeni amshikie. Na hapa nina kitu kimoja ambacho nitakishikilia mpaka nistaafu, nacho ni ndoo ya karatasi. Ile karatasi ya plastiki inayoshika udongo wa mche lazima ichanwe kwa wembe upande mmoja, ivuliwe taratibu udongo usivunjike, mche uingie bila karatasi. Nimemuona meneja, suti, viatu vyaangaza, ameinama mbele ya kamera akaingiza mche na karatasi yake, akashindilia kwa kiatu, watu wakapiga makofi. Mtoto mmoja wa gredi 3 akanivuta shati akaninong'oneza, "Mwalimu, hajaivua nguo." Tulingoja aondoke tukafukua. Sasa msichana mmoja wa klabu hukaa na ndoo, kila anayepanda arudishe karatasi yake kwake, na mwisho twahesabu. Miche 40, karatasi 40. Ikiwa 38 hakuna soda mpaka hizo mbili zipatikane.

Picha za watoto, tumeni barua kwa wazazi kwanza, na mzazi asiyetaka mtoto wake asimame nyuma bila kuaibishwa. Jina la kampani liandikwe kwa kibao kimoja getini, si msumari kwa shina.

Baada ya kupanda zungushia mche majani makavu au nyasi, unene wa kiganja, lakini yasiguse shina, mchwa hupandia hapo. Ukiona njia za mchwa, jivu la jikoni hupunguza. Uzio, mbuzi. Wa Mombasa wawajua mbuzi wetu wa mtaani, getini aingia kama mwalimu wa zamu. Makuti hula. Tuliomba kampani pallets zao mbovu, zile fremu za mbao za kupangia mizigo, fundi akazivunja, mbao nne na misumari kila mche, mbuzi akabaki akichungulia. Kampani pia huwa na mapipa na yale matangi meupe ya lita 1,000 yenye chuma, ni mazuri sana lakini ulizeni yalibeba nini, na kama jibu ni "kemiko tu kidogo" rudisheni.

Gata ni hesabu rahisi na watoto wa gredi 6 huipenda. Milimita moja ya mvua kwa mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Darasa la mita 20 kwa 8 ni mita 160, mvua ya milimita 20, ambayo Mei ni ya kawaida kabisa, ni lita 3,200, toa kidogo ya kumwagika, mvua mbili tangi la 5,000 lishajaa. Lakini tangi hilo kwa miche 40 ni wiki sita tu, na kaskazi ni zaidi ya hapo, kwa hivo funga mfereji wa tangi kwa kufuli mwisho wa Novemba na usifunguliwe mpaka majani yaanze kunyauka. Maji ya kunawia mikono yaende kwa miche moja kwa moja, chimba mtaro mdogo. Chupa za lita moja na nusu toboa kifuniko kwa pini, kata kitako, pindua, zika shingo karibu na mzizi, hapo maji yadondoka polepole na huchoki.

Kwa muhula kila mche una watoto wanne, wawili Jumatatu, wawili Alhamisi, jioni jua likipoa. Likizo ni yule mtu wa posho. Chagua anayeishi karibu na anayekuja shuleni hata bila posho, sisi ni askari wetu wa usiku, na alipwe kila mwezi baada ya mtu wa BOM kupita kuangalia, si yote Novemba. Mwaka wa kwanza tulilipa yote mbele, sitaki kusimulia.

Itakayokufa itakufa, usifiche. Mara ya pili tulihesabu Februari mbele ya dada wa CSR tukapata 33 kati ya 40, saba zikaingia kwa orodha ya kuziba mapengo masika ijayo na kampani ikalipia kwa sababu ilikuwa kwa barua. Kila mche una namba, kila mwisho wa mwezi watoto hupima urefu kwa rula na kamba wakaandika kwa daftari, aina, tarehe ya kupandwa, urefu, nani alimwagilia, na kama umekufa umekufa na nini, mbuzi, chumvi, mpira wa miguu. Daftari liko kwa kabati ya stafu rumu droo ya juu, si kwangu nyumbani, manake barua ya uhamisho yaweza kuja wakati wowote na patroni atakayekuja aanzie namba ngapi.